Picha ya Kazi ni Mali ya Nani?

Kila tabaka linaloshika uchumi hupenda kujiona. Makabaila wa Ulaya walichorwa pamoja na farasi wao na mashamba yao. Mabepari waliowafuata walipigwa picha mbele ya maghala na dohani. Mfanyakazi, ambaye ndiye aliyejenga ghala na kuchochea tanuri, aliingizwa katika picha nyingi za namna hiyo kwa kazi moja tu: kusimama kando ya mtambo ili mtazamaji apate kukisia ukubwa wa mtambo. Kwa hiyo swali la nani anaipiga picha ya kazi, kwa agizo la nani, na kwa ajili ya macho ya nani, si swali la wapenda sanaa peke yao. Ni swali la itikadi, na kada anayelidharau atajikuta anatumia picha za mwajiri kuelezea maisha ya mwajiriwa.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja ulio hai. Nao ni tamasha la picha liitwalo Foto/Industria, ambalo tangu mwaka 2013 hufanyika kila baada ya miaka miwili katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia. Somo la tamasha hilo ni picha za kazi na za viwanda. Maonyesho yake hutawanywa katika majumba ya kale, makumbusho na nyumba za ibada za zamani, na watu hutembea kwa miguu kutoka onyesho moja hadi jingine chini ya zile baraza ndefu zenye nguzo ambazo Bologna inasifika kwazo.

Bologna na wenye mashine

Mji huu una historia ambayo makada wanapaswa kuijua. Baada ya kuanguka kwa ufashisti mwaka 1945, Chama cha Kikomunisti cha Italia kilishika halmashauri ya Bologna, na meya wake Giuseppe Dozza alikaa katika kiti hicho mpaka mwaka 1966. Vyama vya ushirika vya mkoa wa Emilia-Romagna, ambao Bologna ni makao yake makuu, ni miongoni mwa vilivyo imara zaidi katika Ulaya. Na Katiba ya nchi nzima, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inatamka katika ibara yake ya kwanza kwamba jamhuri hiyo imejengwa juu ya kazi. Pamoja na hayo yote, viwanda vingi vya mji vilibaki mikononi mwa watu binafsi na familia zao.

Viwanda hivyo vinajulikana hasa kwa kutengeneza mashine za kufungashia bidhaa. Kampuni ya ACMA ilianzishwa mwaka 1924. Kampuni ya G.D ilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza pikipiki, baadaye ikageukia mashine za kufungashia, na ikapata jina kubwa duniani kwa mashine za sigara. Kampuni ya IMA, ya mwaka 1961, ilijijengea nafasi katika mashine za kutengeneza vile vifuko vidogo vya chai. Msomaji asidhani kwamba tunazungumza habari za mbali zisizotuhusu. Chai ya Mufindi na Rungwe na tumbaku ya Urambo ni mazao yanayomalizia safari yake katika mashine za aina hiyo. Mkulima huuza jani. Thamani huongezeka pale jani linapotiwa ndani ya karatasi na karatasi ikatiwa ndani ya pakiti, na yule anayetengeneza mashine ya kutia karatasi hukaa mahali ambapo mkulima hajapata kupaona, hata katika picha.

Kitovu cha tamasha ni jengo la MAST, lililofunguliwa mwezi Oktoba 2013 kando ya kiwanda cha G.D. Ndani yake mna ukumbi wa picha, ukumbi wa mikutano, mahali pa kulia chakula wafanyakazi na shule ya watoto wadogo. Kuingia kutazama picha ni bure. Anayeendesha yote hayo ni Wakfu wa MAST, na wakfu huo umetokana na Coesia, kundi la makampuni linalomilikiwa na Isabella Seràgnoli, ambalo G.D ni mojawapo ya makampuni yake. Tusizungukezunguke: mwenye tamasha ni mwenye kiwanda.

Wako makada ambao wakisikia hivyo watasema basi, hapo hakuna la kujifunza, funga daftari. Huo ni utoto wa kisiasa. Marx alisoma taarifa za wakaguzi wa viwanda wa Uingereza, watumishi wa serikali ya mabepari, na kutoka humo akapata sehemu kubwa ya ushahidi wake juu ya urefu wa siku ya kazi. Tajiri akikusanya picha za kazi kwa maelfu hawezi kukusanya zinazomsifu peke yake, maana hakuna atakayetoka nyumbani kwake kwenda kuziangalia. Hana budi kutundika na zile zinazomshtaki. Zote zinawekwa katika fremu nzuri, zinawashiwa taa moja, na mtu asiye na nadharia hutoka hapo akisema kwamba zote ni nzuri. Mwenye nadharia ana kazi ya kuzitenganisha.

Kamera nje ya geti

Mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walitumia chombo chao kipya kupiga sinema ya wafanyakazi wakitoka kiwandani. Filamu hiyo, isiyofika dakika moja, huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Kiwanda chenyewe kilikuwa mali ya familia yao, huko Lyon, na kilitengeneza bamba za kupigia picha. Angalia jinsi mambo yalivyokutana: mwenye kiwanda ndiye mwenye kamera, na wale wanaotoka, wengi wao wanawake, ndio ambao jasho lao limeitajirisha familia hata ikaweza kuvumbua kamera. Lakini kamera imesimama nje ya geti. Kazi iko ndani nayo haionekani. Kinachoonekana ni watu walioachiliwa kwenda nyumbani.

Mwandishi wa Kijerumani Bertolt Brecht alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba picha ya viwanda vya Krupp au AEG haimwambii mtu karibu lolote juu ya mashirika hayo. Hoja yake ilikuwa hii. Kamera hushika uso wa vitu: ukuta, dirisha, mtambo, moshi. Lakini kiwanda si ukuta na mtambo tu. Kiwanda ni uhusiano kati ya watu, yaani nani anamiliki, nani anauza nguvu zake, kwa saa ngapi, kwa ujira gani, na ziada inakwenda wapi. Uhusiano huo hauna rangi wala kivuli. Mtu anaweza kupiga picha elfu moja za kiwanda kilichotaifishwa na kiwanda cha mtu binafsi, na kama hakuna maandishi chini yake hutajua kipi ni kipi.

Ndiyo maana Walter Benjamin, rafiki wa Brecht, alimshambulia mpiga picha Albert Renger-Patzsch, ambaye kitabu chake cha mwaka 1928 kiliitwa kwa maneno yenye maana kwamba dunia ni nzuri. Benjamin aliona hatari katika kamera inayoweza kukipamba kila inachokigusa, hata umaskini. Renger-Patzsch alionyeshwa Bologna mwaka 2019, kwa picha zake za bonde la Ruhr, lile eneo la makaa ya mawe na chuma la Ujerumani, alizozipiga katika miaka ya 1920 na 1930. Kwa maoni yangu, picha hizo ni za kweli kuliko kitabu kilichomletea lawama. Zinaonyesha nyumba za wachimba makaa zikiwa zimebanwa kati ya bustani na dohani, na mwisho wa mji usiojulikana kama ni mji au ni shamba. Lakini watu karibu hawamo. Mtazamaji anaona mahali ambapo kazi imepita, kama mtu anavyoona nyayo.

Hamali wa Genova

Katika tamasha hilo hilo la 2019 zilitundikwa picha za namna nyingine kabisa, nazo ndizo zinazostahili kufundishwa katika vyuo vyetu. Ni picha za bandari ya Genova zilizopigwa mwaka 1964 na Lisetta Carmi.

Carmi alizaliwa Genova mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi, na sheria za kibaguzi za mafashisti za mwaka 1938 zilimfukuza shuleni. Alijifunza piano akawa mpiga piano wa hadhara. Mwezi Juni 1960 chama cha warithi wa ufashisti kilitaka kufanya mkutano wake mkuu Genova, mji uliokuwa umejikomboa kwa silaha mwaka 1945. Wafanyakazi wa bandari na vijana wa mji wakaamua kuandamana kuuzuia. Carmi alitaka kuungana nao. Mwalimu wake wa piano alimwonya asiende, kwani akiumizwa mkono kazi yake itakuwa imekwisha. Yeye alijibu kwa maana kwamba, ikiwa mikono yake ni ya thamani kuliko binadamu wengine, basi ataiacha piano. Na kweli akaiacha. Mkutano wa mafashisti haukufanyika, serikali ya Tambroni iliyokuwa ikiwategemea bungeni ikajiuzulu mwezi Julai, na mpiga piano akawa mpiga picha.

Miaka minne baadaye chama cha wafanyakazi wa bandari, kilichokuwa chini ya shirikisho la CGIL, kilimtaka apige picha za hali ya kazi bandarini. Hapo ndipo tunapoona siasa ya geti. Bandari haikuwa wazi kwa wapiga picha. Carmi aliingia mara kadhaa kwa kujifanya binamu wa mmoja wa wapakuaji. Alichokileta nje ni picha za watu wanaopakua fosfeti katika matumbo ya meli, vifua wazi, miili imefunikwa vumbi. Na za watu waliobeba mizoga ya nyama iliyogandishwa kwa barafu, wakiwa na magunia mabegani badala ya mavazi ya kazi. Hakuna mtambo mkubwa uliowekewa mtu mdogo kando yake. Kipimo katika picha hizo ni mgongo wa mtu.

Wapakuaji wa Genova huitwa kwa lahaja yao camalli. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo ni lile lile lililotufikia sisi kwa umbo la hamali. Biashara ya bahari ilikuwa imekwisha kuwapa jina moja watu waliobeba mizigo pande zote mbili kabla ya wao kujuana. Anayejua migomo ya mahamali wa Mombasa na Dar es Salaam ya mwaka 1947, na wa Unguja mwaka 1948, hatahitaji kutafsiriwa picha za Carmi.

Sasa tujiulize ni nini hasa kilichozifanya picha hizo ziwe tofauti na za Ruhr. Si kipaji, kwani Renger-Patzsch alikuwa fundi mkubwa kuliko wengi. Si moyo mwema peke yake. Tofauti kubwa ni kwamba aliyeagiza picha za bandari alikuwa chama cha wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe ndio waliompitisha getini. Mpiga picha alikuwa na deni kwao. Zilipotundikwa kwa mara ya kwanza hazikutundikwa kwa ajili ya kupamba ukuta. Zilikuwa sehemu ya hoja ya chama dhidi ya waajiri. Miaka 55 baadaye picha hizo hizo zikatundikwa Bologna kwa fedha za wakfu wa mwenye viwanda. Hazikuharibika kwa sababu hiyo, lakini hazikuwa tena hoja ya mtu dhidi ya mtu. Zilikuwa zimekuwa historia. Kada ajifunze kuuona mwendo huo, kwa kuwa ni mwendo wa silaha inayopelekwa makumbusho.

Ujerumani ilikuwa imekwenda mbali zaidi mapema. Mwaka 1926 kiliundwa huko chama cha wafanyakazi wapiga picha, wenye kamera zao wenyewe na gazeti lao, wakilipatia picha gazeti la wafanyakazi lililojulikana kwa herufi AIZ, lililoongozwa na Willi Münzenberg. Mwenye kamera na mwenye nyundo wakawa mtu mmoja. Manazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 hawakukawia kuukomesha mpango huo.

Kamera yetu nayo

Itakuwa si haki kuihukumu kamera ya bepari na kuiachia kamera iliyoko mikononi mwa dola ya kijamaa. Mwaka 2017 Bologna ilionyesha kazi za Alexander Rodchenko, mmoja wa wasanii wakubwa waliojiunga na Mapinduzi ya Urusi. Ni yeye aliyefundisha ulimwengu kupiga picha kutoka juu kabisa au kutoka chini kabisa, ili macho yaliyozoea yaamke. Lakini mwaka 1933 Rodchenko alipelekwa kwenye ujenzi wa mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Bahari ya Baltiki. Wajenzi walikuwa wafungwa, zaidi ya laki moja, wakichimba mwamba kwa vifaa duni katika baridi kali, na maelfu yao walikufa. Picha zake zilitoka mwezi Desemba mwaka huo katika gazeti la picha lililochapishwa kwa lugha kadhaa ili kuutangazia ulimwengu ujenzi wa Urusi. Katika mojawapo ya picha hizo inaonekana bendi ikipiga muziki huku wafungwa wakifanya kazi. Gazeti lilieleza kwamba hapo binadamu walikuwa wakifundwa upya kwa njia ya kazi.

Hapa hakuna mwenye kiwanda binafsi. Kamera ni ya dola, gazeti ni la dola, mfereji ni wa dola. Na bado picha ilisema uwongo, si kwa kughushi kitu chochote, bali kwa kuchagua mahali pa kusimama na maneno ya kuandika chini. Ndiyo kusema kwamba umilikaji wa umma ni sharti la kwanza la picha ya kweli, lakini si sharti la mwisho. TANU iliona jambo linalofanana na hilo katika viwanda vyenyewe. Miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Mwongozo wa mwaka 1971 ulilazimika kusema katika fungu lake la 15 kwamba kiongozi asiwe na majivuno, dharau wala uonevu. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuwa cha umma, lakini meneja alikuwa bado anasema kama bwana.

Picha nyingi za kazi tulizozizoea sisi wenyewe ni za namna gani? Kiongozi akikata utepe. Kiongozi akielezwa jinsi mtambo unavyofanya kazi, amevaa kofia ya usalama iliyo safi. Nyuma yake wafanyakazi wawili watatu wanatabasamu, na maandishi ya chini yanataja jina la kiongozi, cheo chake na wadhifa wa anayemfuata, kisha yanaishia hapo. Anayeuendesha mtambo kila siku ndiye peke yake asiye na jina katika picha ya mtambo wake. Sisemi kwamba ufunguzi wa kiwanda usipigwe picha. Nasema kwamba picha hiyo ni ya ufunguzi. Tusiiite picha ya kazi.

Maandishi ya chini

Dawa ya ugonjwa huu ilipatikana zamani, na aliyeipata hakuwa mwanamapinduzi. Lewis Hine alikuwa mwalimu wa Kimarekani. Kuanzia mwaka 1908 aliajiriwa na kamati ya taifa ya kupinga ajira ya watoto azunguke katika viwanda vya nguo, migodi, mashamba na viwanda vya samaki. Naye alikuwa na tatizo la geti, na naye alilitatua kwa hila: leo ni mwuza Biblia, kesho ni mkaguzi. Alijua urefu wa kila kifungo cha koti lake kutoka sakafuni, hivyo aliweza kumpima mtoto aliyesimama mbele yake bila kutoa kipimo. Daftari alilificha mfukoni.

Na daftari hilo ndilo lililokuwa nusu ya kazi. Chini ya picha zake Hine aliandika kila alichoweza kukipata: jina la mtoto, umri wake, mahali anapofanya kazi, kazi gani, tangu lini, saa ngapi, ujira kiasi gani. Picha ya msichana mdogo kati ya mashine mbili ndefu za kusokota nyuzi inaweza kumfurahisha hata mwenye kiwanda. Msichana ni mzuri, mashine zinang'aa, mwanga wa dirisha ni laini. Iandikie chini umri na ujira, na picha hiyo hiyo inakuwa shitaka. Kile ambacho Brecht alisema hakionekani, Hine alikuwa amekwisha kukiandika. Alipiga picha zaidi ya 5,000 za namna hiyo. Sheria ya kwanza ya nchi nzima, ya mwaka 1916, ilibatilishwa na mahakama kuu mwaka 1918, na ulinzi uliodumu haukupatikana mpaka sheria ya mwaka 1938. Miaka thelathini, basi, tangu daftari la kwanza. Picha haishindi peke yake. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikipigana wakati wote huo.

Kuondoka kiwandani

Mwelekeo wa tamasha la Bologna lenyewe unataka kuangaliwa. Mwaka 2019 mada yake ilikuwa binadamu na ujenzi wa ulimwengu wa mitambo. Mwaka 2021 ilikuwa chakula, mwaka 2023 mchezo, na mwaka 2025 nyumbani. Ni rahisi kusema kwamba mwenye viwanda amechoka kutazama viwanda. Lakini kuna ukweli mwingine. Sehemu kubwa ya kazi nzito iliyokuwa ikifanywa Ulaya imehamishiwa Asia na kwingineko, na kazi iliyobaki huko imeingia majikoni, katika uangalizi wa wazee, katika usafi na katika kupokea na kupeleka vifurushi. Anayepiga picha za kazi Ulaya ya leo hana dohani ya kupiga. Ni lazima amfuate mfanyakazi huko aliko.

Mkanada Jeff Wall, aliyetundikwa katika ukumbi wa MAST mwaka 2025, ana picha moja mashuhuri ya mwaka 2006 inayoonyesha wanaume wamesimama kando ya barabara wakingoja kuchukuliwa kwa kibarua cha siku. Wanaume wale walikuwa vibarua kweli, lakini siku hiyo Wall ndiye aliyewaajiri ili wasimame mbele ya kamera yake. Kungoja kazi kukawa kazi yenye malipo. Wengine huliona jambo hilo kuwa ulaghai. Mimi naona lina unyofu kuliko picha za kuibia, mradi tu malipo yasemwe.

Geti nalo limebadilika. Mishka Henner, aliyeonyeshwa mwaka 2021, aliunganisha picha zilizopigwa na satelaiti za mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe huko Marekani, wakati ambapo baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yalikuwa yakitunga sheria za kuwazuia watu kupiga picha ndani ya mashamba ya mifugo. Mwenye zizi alifunga geti la mbele, akasahau mbingu. Lakini kutoka juu hivyo mtu huona bwawa la kinyesi lenye rangi ya damu asimwone hata kibarua mmoja.

Kasoro hiyo ya kutazama kutoka mbali inatuhusu moja kwa moja. Katika 2019 ukumbi wa MAST ulipewa mradi wa Mkanada mwingine, Edward Burtynsky, unaoonyesha jinsi binadamu alivyoigeuza sura ya dunia. Miongoni mwa picha za mradi huo ni ya jaa la taka la Dandora, Nairobi, ya mwaka 2016, yenye vilima vya plastiki vilivyokusanywa ili viuzwe. Ni picha kubwa na ya kutisha. Lakini yule aliyeokota, kupanga na kuuza plastiki hiyo kwa kilo ndiye anayefanya kazi ya kiwanda bila kiwanda, bila mkataba na bila glavu, na mbele ya kilima kile anarudi kuwa kipimo cha ukubwa, kama mfanyakazi wa dohani za karne iliyopita. Kwa jicho la kazi, picha hiyo imesema nusu.

Nusu nyingine inatafutwa na watu kama Délio Jasse, mzaliwa wa Luanda, ambaye picha zake za mji huo zilionyeshwa Bologna mwaka huo huo. Jasse huchukua picha za kale, nyaraka na mihuri ya enzi za Wareno, akazilaza juu ya sura ya mji wa baada ya uhuru wa 1975, hata mtazamaji asiweze kuona jengo jipya bila kumwona aliyekuwa chini yake. Hapo maandishi yameingia ndani ya picha yenyewe.

Kazi inayongoja matawi yetu

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na ikakabidhiwa mwaka 1976. Picha za ujenzi wake zipo, katika vitabu, magazeti na kumbukumbu za serikali. Kuna madaraja, mahandaki, wataalamu wa Kichina na vijana wa Kitanzania na Kizambia wakiwa na sururu. Yeyote anayezitazama atajua kilichokuwa kikijengwa. Vijana wale, walio hai, leo wamepita miaka sabini.

Tawi la Chama lililo kando ya reli hiyo, kutoka Kilombero mpaka Mbeya, halihitaji wakfu wala jumba la maonyesho ili kuanza. Linahitaji nakala za picha hizo, benchi, daftari na kijana mmoja anayeandika hati ya kusomeka. Wazee waitwe, picha zipitishwe mkono kwa mkono, na kila mtu anayetambuliwa aandikwe: jina lake, kijiji alichotoka, kikosi alichokuwamo, alipangiwa kazi gani, alilipwa shilingi ngapi kwa mwezi, na kama alirudi nyumbani salama au la. Pale ambapo wazee wawili watabishana juu ya jina, yaandikwe yote mawili. Picha isiyotambuliwa isitupwe, ipelekwe katika tawi la kituo kinachofuata.